KINGA ANAYOIPATA MTOTO MCHANGA KWA MAMA YAKE

Waluguru wa milima hii huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Katika kinga ya maradhi, mtoto wa kabila lolote huanza maisha kwa urithi wa mama. Tuuangalie urithi huo.

1. Kinga ya tumboni
Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa huwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, katika damu yake. Miezi ya mwisho ya ujauzito askari hao hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na kinga pungufu.

Lakini mama hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mfano ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na humwingia mtoto kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa samadi. Kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga; kinga yake hupatikana kwa chanjo. Mjamzito akichanjwa mapema, mtoto huzaliwa amekingwa. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Hata hivyo vijidudu bado vimo udongoni. Kwa hiyo kila mjamzito, awe wa Msamvu au wa Mgeta, asiache kwenda kliniki.

2. Kinga ya ziwa
Maziwa ya kwanza, mazito na ya njano, huitwa dang'a. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Hilo ni kosa kubwa, kwani yamejaa kingamwili zinazotanda kwenye utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu vya kuharisha. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, na sunna ya tahniki isiwe sababu ya kumchelewesha. Surat al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha.

3. Kinga hii ni ya muda
Askari wa kuazima hawakai daima. Hupungua mwezi baada ya mwezi. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama huweza kuizuia isifanye kazi. Ikicheleweshwa, mtoto hubaki bila ngao.

Wanafunzi, kama nyumbani yupo mama, shangazi au dada mjamzito, msomeeni somo hili leo.

Zoezi
(a) Dang'a ni nini, na kwa nini isimwagwe?
(b) Kwa nini mtoto aliyerithi kinga ya mama bado anahitaji chanjo?

Wallahu aalam.