Nairobi hadi New York: Jinsi ya Kusoma Saa za Safari

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza kuwapeleka abiria kutoka Nairobi hadi New York bila kutua popote njiani. Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi takriban saa 14. Viwanja ni vilevile na ndege ni ileile, Boeing 787. Tofauti inaletwa na upepo.

Juu ya Atlantiki ya kaskazini huvuma mkondo wa upepo kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege iendayo New York hupambana nao. Irudiyo Nairobi husukumwa nao.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800. Anayepiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani ataona ndege ikiiacha Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Lakini dunia ni mviringo, na uzi ukivutwa juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, hupanda zaidi kaskazini: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, kisha Moroko, karibu na Marrakech, ambako ndiko nusu ya safari. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, ingawa rubani huikwepa kidogo panapokuwa na dhoruba au anga iliyofungwa.

Ukigawa umbali huo kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, unapata saa 13 na dakika chache. Tiketi huonyesha zaidi, kwa sababu muda wake huanza ndege inapoondoka maegeshoni na huisha inapoegeshwa tena. Foleni ya kuruka imo, na mzunguko wa kusubiri kutua umo.

Panapowachanganya wengi zaidi ni kwenye saa. Tuseme tiketi ya Januari inasema kuondoka 23:30, kufika 06:30. Abiria anatoa, anapata saa 7, anafurahi bure. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali uwanja ulipo. Ndege imeondoka saa tano na nusu usiku. Inapotua, Nairobi ni saa nane na nusu mchana, na New York ndiyo kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tofauti ni saa 8. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele, nayo hubaki 7.

Tarehe nayo isomwe kwa makini. Tiketi ya Jumamosi, 00:30, ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayefunga mizigo Jumamosi jioni atakuta ndege imeshatua Marekani. Kwa safari ya kimataifa abiria hutakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla, kwa hiyo huyu awe kwenye foleni ya ukaguzi Ijumaa, saa tatu na nusu usiku.