Mboga za Masika Zitulishe Hata Kiangazi

Mwezi huu tujifunze habari za bustani ya mboga, ile iliyo karibu na nyumba, ambayo mama huiendea na kapu lake kila jioni. Mfano wetu tutautwaa Itiryo, katika Wilaya ya Tarime, nchi ya Wakuria. Huko mvua huja mara mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, katika miezi ya mwisho wa mwaka. Mvua ikinyesha, bustani hutoa mboga kupita watu wa nyumba wawezavyo kula. Mvua ikikoma, watoto wa nyumba ile ile hula ugali mkavu. Basi swali la somo ni hili: Ziada ile ilikwenda wapi?

1. Wingi si akiba

Tuseme nyumba ina watu saba, na kapu moja la majani lawatosha kwa siku. Mwezi wa Aprili mgagani, mchicha, mnavu, kunde na maboga hukua pamoja, na bustani yaweza kutoa makapu matatu kila siku. Mawili yazidi, kwa juma moja ni makapu 14. Baadhi hupewa majirani, na jambo hilo ni jema. Lakini mengi huzeeka shambani au hutupiwa mbuzi. Twaona, basi, ya kuwa kuvuna sana ni kazi ya kwanza tu. Kuweka ni kazi ya pili, nayo ndiyo tuiachayo.

2. Kuchuma kwa akili

Mchicha huwa tayari baada ya majuma matatu au manne. Usiung'oe wote, bali kata ncha zake, nao utachipua pembeni. Mgagani vile vile: ukikatwa ncha mara kwa mara hukawia kutoa maua, na majani huzidi kuwa mengi. Majani ya kunde na ya maboga yachumwe yakiwa machanga, wala usiuvue mmea nguo zake zote, maana hautazaa.

3. Kukausha

Majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kapu kubwa likikauka hutoshea katika chungu kidogo. Fanya hivi: osha majani, yatumbukize katika maji yachemkayo kwa dakika mbili au tatu, yatoe, kisha yaanike juu ya mkeka safi kivulini, mahali penye upepo. Usiyaache katika jua kali, kwa kuwa jua huharibu vitamini A, ambayo ni ulinzi wa macho. Mtoto aikosaye sana huanza kutoona vema jioni. Majani yakivunjika kwa vidole yamekauka. Yaweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Wakati wa kupika, tia maziwa au mafuta kidogo, kwa maana mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Mgagani hupikwa kwa maziwa ili uchungu upungue. Desturi hiyo ya wazee ni njema kwa mwili pia.

Boga lililokomaa halihitaji kukaushwa. Likate pamoja na kikonyo chake, uliweke pakavu penye hewa, nalo litakaa miezi.

4. Mbegu na udongo

Miche michache iliyo bora iachwe ikomae kwa mbegu. Mbegu mpya za mgagani hazioti vizuri; zikae miezi kadhaa kwanza. Asiyejua haya husema mbegu ni mbovu, akazitupa.

Tena usipande nyanya mahali palipotoka mnavu, bilingani au viazi mviringo, maana hizo ni jamaa moja, na ugonjwa wa mmoja humpata mwenziwe. Afadhali ufuatishe kunde, ambazo huutia udongo nguvu. Samadi ya zizini itumiwe ikiwa imekwisha kuoza; ikiwa mbichi huunguza mizizi.

5. Kazi ya nani?

Wako wasemao, “Mboga ni mambo ya wanawake.” Lakini baba naye hula, wala hapendi ugali mtupu. Yafaa ajenge wigo, abebe samadi, atengeneze matuta ya kuzuia maji mlimani. Na mama akiuza ziada sokoni, fedha ile isichukuliwe kwa nguvu. Mtu aliyenyang'anywa matunda ya kazi yake hatalima tena kwa moyo.

Hata mataifa makubwa yamejifunza somo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika Marekani peke yake watu walilima bustani za nyumbani zipatazo milioni 20. Nao hawakulima tu: walifundishwa kuhifadhi mboga katika chupa, wazile wakati wa baridi, nchi isipootesha kitu. Chupa zao na chungu chetu ni kazi moja.

Maswali ya kuulizana

1. Nyumbani kwako mboga hukosekana miezi gani?
2. Kwa nini majani hukaushwa kivulini?
3. Baada ya nyanya, yafaa kupanda nini?
4. Masika ijayo, kila mtu wa nyumbani mwako atafanya kazi gani?