Mboga za Februari na upungufu wa damu

Huenda unaishi Mombasa na una kishamba ng'ambo ya Likoni, huko Ng'ombeni, Waa, Tiwi au Matuga kwenyewe. Mama mja mzito au mtoto akiletwa kwangu na upungufu wa damu, huuliza: shambani mna mboga gani mwezi wa Februari? Mara nyingi jibu ni kwamba hamna.

Pwani haina baridi ya kuua mimea, hivyo bustani hufuata mvua. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na Januari hadi Machi ni jua tupu. Mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Usipande zote siku moja, bali tuta moja kila wiki mbili, zisije zikajaa kwa pamoja na kuisha kwa pamoja. Sukuma wiki haipendi joto. Ingojee kusi, Juni hivi.

Cha muhimu zaidi, wakati wa masika panda pia muhogo, viazi vitamu na mronge mmoja au miwili ukingoni. Kisamvu, matembele na majani ya mronge ndiyo yatakayokulisha wakati wa kiangazi. Kisamvu kina sumu ya sianidi, kwa hiyo kitwange na kukichemsha sana, chungu kikiwa wazi.

Madini ya chuma yaliyo katika mboga hayaingii mwilini kwa urahisi kama ya nyama au samaki. Kamulia ndimu, na chai (najua ni vigumu!) ingoje saa moja baada ya chakula. Hata hivyo, mja mzito asiache vidonge vya chuma anavyopewa kliniki.

Isitoshe, damu hupunguzwa pia na malaria na minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya nyayo. Palilia ukiwa umevaa viatu. Pipa la kumwagilia lifunike, kwani mbu wa dengue, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, huzaliana katika maji kama hayo.

Nawe unayemeza warfarini, zungumza na daktari wako kabla ya kuongeza mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.