Senti ya 1955: kosa la kiwandani au muhuri uliochakaa?

Swali: Nimeuziwa senti ya Marekani ya mwaka 1955 yenye kivuli kwenye tarakimu ya mwisho. Je, ndiyo ile adimu yenye maandishi pacha?
*Msomaji, Minneapolis*

Jibu: Kwa maelezo yako, siyo. Ile adimu ilitoka Philadelphia, na kosa lake lilianzia kwenye muhuri wenyewe. Wakati wa kuutengeneza, muhuri ulikandamizwa alama mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umezunguka kidogo. Ndiyo maana kila senti iliyopigwa nao imebeba kosa lilelile: tarakimu zote za mwaka, LIBERTY na IN GOD WE TRUST vinaonekana viwiliviwili hata bila kioo cha kukuzia, kila herufi na kingo zake kali.

Kivuli kwenye 5 ya mwisho tu ni dalili ya muhuri uliochoka. Ukishapiga sarafu nyingi mno, uso wake humomonyoka, na tarakimu hutoka zimevimba, kingo zimefifia. Senti za namna hiyo ni nyingi na bei yake ni ndogo.

Angalia pia ngazi bapa kando ya herufi, inayoifanya iwe nyembamba. Hiyo hutokea muhuri uliolegea unapoteleza wakati wa kupiga. Nayo haiongezi thamani.

Usiisugue senti yako wala kuing'arisha, kwani utaishusha bei. Na ukiuziwa nyingine kama "ile adimu", dai kwanza cheti cha PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha sarafu, kwa sababu za bandia zipo.