Dondoo muhimu: Laini ni yako, anayebeti ni mtoto

Sheria ya Kenya inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini kuanzia Kaptembwo hadi Njoro, kaunti ya Nakuru, watoto wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, na kwa kampuni ya kamari mwenye laini ni mtu mzima.

Kwa hiyo anzia kwenye pesa. Piga *334#, omba taarifa ya M-Pesa, uisome mstari kwa mstari. Tafuta vijisenti vya shilingi 10 au 20 vilivyokwenda kwa paybill usiyoijua, hasa usiku wa manane, na mkopo wa Fuliza usiokumbuka kuuchukua. PIN mtoto asiijue, hata akitumwa dukani. Hili wazazi wengi hulipuuza.

Kwenye simu ya Android ya mtoto, weka programu ya Family Link uone anachopakua na uzuie tovuti. Haitoshi peke yake: mchezo wa kamari kama Aviator ataucheza kwa simu ya rafiki.

Ukimgundua, usimchape, wala usimlipie deni kimyakimya. Muulize nani alimwonyesha na anadaiwa na nani. Mkikwama, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Wazazi nao husikilizwa.