Haidrojeni Ipitavyo Katika Grafiti Iliyovikwa Metali

Kipande cha grafiti hudhaniwa kuwa kimeshikamana kabisa. Kumbe ndani yake mna vitundu vilivyoungana, mfano wa mtungi wa udongo ambao huloa nje kwa maji yaliyomo ndani. Haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, hupita humo pasipo kubadilika. Dawa ya kwanza kufikiriwa ni kuivika grafiti utando wa metali.

Utando huo huzuia gesi nyingi, lakini haidrojeni ina njia yake. Molekuli yake yenye atomi mbili ikigusa nikeli au paladiamu hugawanyika. Kila atomi hupenya baina ya atomi za metali, na ifikapo upande wa pili huungana na nyingine. Mwaka 1866 Thomas Graham, mwanakemia wa Uskoti, alieleza kwamba paladiamu humeza haidrojeni yenye ujazo mamia ya mara kuliko ujazo wake yenyewe. Kwa sababu ya mgawanyiko huo, kiasi kipitacho hufuata kipeuo cha pili cha kanieneo. Kanieneo likizidishwa mara nne, mpito katika metali huongezeka mara mbili tu, ilhali katika vitundu vyembamba huongezeka mara nne. Hivyo kipimo chaweza kufichua utando uliopasuka, hata kama jicho halioni ufa.

Na ufa ndio uliowasumbua wahandisi wa mradi wa Rover, ulioanzishwa Marekani mwaka 1955 ili kuunda roketi ya nyuklia. Haidrojeni ilipashwa moto ndani ya fimbo za grafiti zenye urani, kila moja ikiwa na matundu 19 marefu. Haidrojeni yenye joto kali huila kaboni na kuichukua ikiwa methani na gesi nyinginezo; kwa hiyo matundu yalivikwa kabaidi ya niobiamu, yaani mchanganyiko wa metali hiyo na kaboni. Lakini kabaidi hutanuka na kunywea kuliko grafiti, na fimbo zilipopoa utando ulipasuka. La kushangaza, ulaji mkubwa haukuwa kwenye ncha yenye joto zaidi. Ulikuwa katikati ya fimbo, ambako joto halikutosha kuzifumba nyufa.

Mwaka 1972 zilijaribiwa fimbo ambazo kabaidi ilichanganywa na grafiti yenyewe, ili kutanuka kwake kukaribiane na kule kwa utando. Mradi ulifungwa mwaka 1973.