Jicho Linalougua Bila Kuwa Jekundu

Mwezi wa Desemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliondoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, ukafuata njia ya misafara kuelekea Ujiji. Speke, ambaye aliwahi kuugua macho utotoni, alishikwa tena na maradhi hayo njiani. Tarehe 13 Februari 1858, wenzake walipoliona Ziwa Tanganyika, yeye aliona ukungu tu. Maandishi ya safari hiyo yanaeleza kuwa ugonjwa ulikuwa ndani ya jicho.

Mwili unapojikinga, damu huongezeka mahali palipodhurika, na chembe nyeupe pamoja na majimaji hupenya nje ya mishipa. Hali hiyo huitwa mchochota. Ngozini hutambulikana kwa wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mchochota ukiingia katika irisi, yaani sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni, chembe na protini huelea mbele ya lenzi na kuutawanya mwanga. Ndipo mgonjwa huona ukungu. Irisi pia huweza kunata kwenye lenzi, mboni ikapoteza uduara wake. Usipotibiwa, mchochota huweza kuleta mtoto wa jicho na hata upofu.

Baridi yabisi ya watoto huanza kabla ya umri wa miaka 16, na viungo huvimba kwa wiki 6 au zaidi. Baadhi ya watoto hao hupata mchochota wa irisi usio na wekundu wala maumivu. Mtoto mdogo halalamiki, kwani hudhani kila mtu huona kama yeye. Kwa hiyo hana budi kupimwa macho hospitalini mara kwa mara, hata akionekana mzima.

Mwalimu aangalie dalili hizi:

1. Mtoto kukwepa mwanga.
2. Mboni isiyo duara, au mboni mbili zisizolingana.
3. Doa jeupe katika jicho.
4. Kushindwa kusoma ubaoni jicho moja likifunikwa.
5. Kuchechemea au goti kuvimba kwa muda mrefu.

Ugonjwa huu hauambukizi kama vikope. Mtoto asitiwe machoni maji ya majani wala dawa ya mtu mwingine. Apelekwe hospitali upesi.

Zoezi: Kwa nini dalili ya 2 ni vigumu kuiona katika macho meusi? Tochi itasaidiaje?